Kitanda cha Kodi Yangu

Mimi kuugua sikujaliwa. Wenzangu Mungu aliwapa homa, matumbo, majipu, meno mabovu. Mimi akanipa kifua kama mlango wa msikiti na miguu ya punda wa maji. Tangu mama anizae hapa Likoni sijalala kwa maradhi hata siku moja. Bandarini nilibeba magunia ya saruji mazito, kreni ikiyaona yaangalia kando. Mbu akiniuma mimi, wallahi, yeye ndiye anayeshikwa na homa. Watu wakisikia hivi huniambia, "Mshukuru Mungu." Nashukuru. Lakini nani amewahi kunipa pole kwa kuwa mzima? Hakuna. Basi leo nawaeleza uchungu wake.

Zama zile za Mwingereza kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa. Mimi kazi yangu ilikuwa ya kuandikwa daftarini, sikuwa na pa kujificha. Nikilipa, napewa karatasi, naikunja naitia ndani ya kofia, jasho laitia chumvi mpaka imekuwa ngumu kama papa mkavu. Kwangu mimi karatasi ile ilikuwa kama pete ya bibi arusi. Nikikaa na watu naivua kofia makusudi waione.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuwa msuka makuti, na kodi alikuwa haijui rangi yake. Askari wa kodi hajashuka kwenye feri vizuri, shemeji ameshafika mikokoni kule Mtongwe, maji ya kiuno, jani kichwani. Alikaa huko mara nyingi hata kaa wakamzoea, wakawa wanampisha njia.

Basi nani aliyepata donda la mguu? Yeye. Nani aliyepakiwa gari la serikali, akavushwa kwa feri bila kushuka, akalazwa hospitali kubwa ya mjini kwa kodi za sisi wengine? Yeye. Alikaa huko siku arubaini kama mwali wa harusi. Alikwenda mwembamba kama uzi wa kushonea kofia, akarudi ana tumbo na mashavu yang'aa kama kajipaka samli. Na kwapani ana blanketi jekundu.

"Nimepewa," akasema.

Hakuna aliyemuuliza kama huyo aliyempa alikuwa macho au amelala.

Hapo ndipo nilipoungua. Maana kabla ya donda lile, baraza la kahawa lililo mbele ya nyumba yetu lilikuwa langu. Nikishuka feri jioni, wazee wananisogezea nafasi, muuza kahawa anijazia wa kwanza, halafu kimya. Wananingoja mimi. Nawasimulia meli iliyokuwa ndefu hata nahodha wake akitaka kwenda nyuma hufunga safari na masurufu. Wanacheka mpaka vikombe vinamwagika. Mimi mali sikuwa nayo, kusoma sikusoma, uzuri alichukua ndugu yangu mkubwa. Nilichokuwa nacho ni ule ukimya wa watu kabla sijafungua kinywa.

Shemeji akauchukua. Jioni ya kwanza tu alipokaa na mguu wake mpya, ameunyoosha katikati ya baraza kama mfalme.

"Kitanda, jamani," anasema, "kina springi. Ukijigeuza chenyewe chakuitikia. Asubuhi uji wa maziwa. Saa nne chai ya maziwa. Jioni yai."

"Yai zima?" mzee mmoja akauliza.

"Zima. Na ukilibakisha muuguzi anakasirika."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikaanza hadithi ya meli. Mzee yule yule akanigusa goti. "Hebu ngoja, yakhe. Na shuka je, hubadilishwa?"

Shuka! Watu wameacha meli yangu kwa sababu ya shuka! Nyumbani nako mke wangu alikuwa akimpelekea kaka yake kahawa kwanza, ati mgonjwa. Mgonjwa gani ana mashavu mawili kila upande?

Nikasema moyoni: hii kodi ni yangu. Yai lile ni langu. Lazima na mimi nilazwe.

Asubuhi iliyofuata sikwenda kazini, nilikwenda dispensari yetu ya Likoni. Nyumba ya bati, dirisha moja, na foleni ya watu kila mmoja na chupa yake mkononi, maana dawa ya maji ilikuwa ya serikali lakini chupa ulikuja nayo wewe. Aliye na chupa kubwa alionewa wivu na wote. Mimi nilikuja na galoni.

Dresa, mfunga vidonda wa serikali, alikuwa mtu wa huku huku kwetu, mpole, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka limekonda. Akaitazama galoni, akanitazama mimi.

"Waumwa na nini, bwana?"

"Kodi."

"Kodi yauma wapi?"

Nikavua kofia nikamwekea karatasi mezani. "Nimelipa tangu ndevu zangu hazijaota, na sijala hata kidonge kimoja. Shemeji yangu hajalipa hata thumni, amerudi na blanketi. Nataka haki yangu. Nilaze."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Dresa hakucheka sana. Akairudisha karatasi yangu kofiani kwa vidole viwili.

"Sikiliza, kaka. Hapa kwangu ni mlango wa kwanza. Mimi nina dawa ya homa, ya tumbo, nafunga vidonda. Jambo likinishinda naandika cheti, gari linakuja, unavushwa hospitali kubwa. Kule kuna daktari, na juu ya daktari yuko mganga mkuu, na juu yake Nairobi. Huruki mlango. Na pesa zenyewe hazina majina. Kodi yako, ushuru wa sukari unayotia kwenye kahawa, kodi ya Mhindi wa duka, zote zatiwa chungu kimoja. Anayeugua ndiye anayepakuliwa."

"Na mzima?"

"Mzima analeta kuni."

"Basi kama chungu ni kimoja," nikamuuliza, "mbona sahani ni tatu? Wazungu wana hospitali yao kwenye upepo wa bahari, Wahindi yao, sisi yetu vitanda vimebanana kama magunia melini."

Dresa akachungulia nje ya dirisha, akateremsha sauti. "Hilo waulize wenye chungu. Haya, mwengine!"

Nikarudi na galoni tupu. Njiani nilimuonea wivu kila aliyekuwa anachechemea.

Jioni ile ile shemeji, bila kujua, ndiye aliyenipa njia. Alikuwa barazani akisimulia mlango wa kila ugonjwa. "Wengine wanangoja wiki," akasema, "lakini anayekohoa akatoa damu, huyo haulizwi. Hupelekwa siku hiyo hiyo, na hukaa miezi. Maziwa asubuhi, maziwa jioni, mayai mawili!"

Miezi! Mayai mawili! Usingizi haukunijia.

Sasa lazima niwatajie mama mkwe wangu. Alikuwa akiishi nasi tangu afiwe na mumewe, chumba cha uani. Na ukwe wa kwetu wakati ule haukuwa mchezo. Mimi na yeye miaka yote ile hatujatazamana usoni. Akipita mimi nainama kama nimeangusha senti. Kula mbele yake, mwiko. Kumuuliza ameamkaje, nasemea ukutani: "Shikamoo mama," na ukuta wajibu, "Marahaba mwanangu." Mambo ya mwili wake, kama ana kichwa au tumbo, ilikuwa haramu mimi hata kuyawaza. Nilichokijua juu yake ni buibui lake, kikohozi chake, na tambuu.

Tambuu ile aliitafuna! Popoo, chokaa, majani, toka alfajiri. Mwaka ule alizidisha mpaka mke wangu alilalamika, "Mama, midomo itachubuka." Na kando ya mkeka wake, nyuma ya jiko, kulikuwa na kopo la kutemea, ndani mate mekundu kama damu ya mbuzi wa Idi.

Mmeshaona akili yangu ilikokwenda.

Mimi mwenyewe tambuu situmii. Ningeitafuna, meno mekundu yangenisema kwa dresa. Lakini mate yaliyo tayari? Nikarudi dispensari, mara hii bila galoni, nikakohoa. Nilikohoa, wallahi, mpaka bati likatoa kutu na kuku wa jirani wakahamia Mtongwe.

"Unatoa damu?" dresa akauliza.

"Kama bomba."

Akanipa kikopo kidogo cha mfuniko. "Kesho ukiamka, kabla hujasukutua, kohoa utie humu. Tutapeleka ng'ambo wakitazame kwa hadubini."

Alfajiri mama mkwe alipokuwa amesimama kwenye sala, mimi, mume wa binti yake, nilinyemelea nyuma ya jiko kama paka na kijiti mkononi. Siku ya nikahi yangu sikutetemeka vile. Nikachota, nikafunika, nikakimbia. Nikajisemea, ikigundulika ni tambuu, watanicheka, basi.

Siku nane nikangoja. Nikaitwa. Dresa hakuwa na utani, na akaniongelesha amesimama mbali.

"Kohozi lako baya, bwana. Kesho asubuhi gari linakuja. Chukua barua hii. Na leo kula sahani yako peke yako."

Nilitoka pale nimeota mbawa. Hadubini ya Mwingereza nimeichezea kwa popoo na chokaa! Na sahani yangu peke yangu, kama sultani! Nikaenda moja kwa moja barazani, nikaivua kofia, na badala ya karatasi ya kodi nikaitoa barua.

"Shemeji," nikasema kwa sauti ya kusikiwa Kisauni, "hebu sogeza mguu. Na mimi naondoka kesho. Gari langu peke yangu."

Ukimya ukarudi. Wangu! Nikaonja utamu wake. Mzee mmoja akasema, "Barua yasemaje?"

Kwa kuwa mimi kusoma sijui, nikampa karani wa feri aliyekuwa akinywa kahawa yake. Akasoma midomo ikimchezacheza, halafu akaiweka barua chini polepole, akajipangusa vidole kwenye kikoi.

"Kifua kikuu," akasema. "Yaambukiza."

Niwaambieni, moto ukiwashwa chini ya baraza watu wangeondoka taratibu zaidi. Mmoja alikumbuka mbuzi, mwengine alikumbuka mke. Shemeji na mguu wake mbovu alikuwa wa kwanza kufika kona. Muuza kahawa akakiangalia kikombe changu, akaniambia, "Hicho, kaka, nimekupa zawadi," akajitwika vyombo vyake. Nikabaki mimi na baraza refu. Na kusema kwamba si kweli, ni mate ya watu, ningesemaje? Ya watu gani?

Ndani mke wangu alikuwa ameshapata habari, analia. Nikakaa chini na sahani yangu ya peke yangu, wali haushuki. Hapo ukuta ukasema.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Usiogope. Mungu ataponya. Nitakusomea Yasini kila alfajiri." Akakohoa, kikohozi kirefu kilichomkata maneno. Halafu, "Wewe ndiwe nguzo ya nyumba hii."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Lakini nitasema kweli: asubuhi gari lilipokuja, aibu ililala na mimi nikapanda.

Kitanda kilikuwa kama shemeji alivyosema. Springi ziliniitikia. Shuka jeupe, harufu ya dawa, uji wa maziwa. Nilijigeuza mara mia ili zinijibu. Lakini kila penye raha yangu hapakosi jirani. Kitanda cha kando alikuwa mtu wa Changamwe, mifupa mitupu, na yeye alipewa mayai mawili na sindano. Mimi yai moja, sindano hakuna, ati tungoje picha. Nikamuonea wivu mtu ambaye hawezi kuinua kijiko! Nilimuuliza, "Ndugu yangu, umefanyaje wewe?" Akanitazama tu, hana pumzi ya kunijibu. Siku ya pili asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa shuka jipya, na yeye hayuko. Yai langu la siku ile sikulila.

Mchana wakanipiga picha ya kifua. Daktari Mzungu akaja nayo akiitazama kwenye mwanga, na pamoja naye muuguzi, mama mtu mzima wa Mvita mwenye sauti ya kuamrisha hata meli.

"Daktari asema," muuguzi akaanza, "kifua chako ni kizima kuliko chake yeye. Mwaka huu hajaona kifua kama hiki."

Siku nyingine ningeiomba picha ile niitundike barazani.

"Na asema," akaendelea, "kohozi ulilotoa lina ugonjwa, kweli kweli. Halikutoka kwenye kifua hiki. Ni la nani?"

Nikalivuta shuka mpaka kidevuni. Nilidhani nimewapa tambuu. Kumbe ndani ya ule wekundu wa tambuu mlikuwa na wekundu mwengine, na mwenyewe alitafuna kutwa kucha ili tusiujue.

"La mtu tu," nikasema.

"Mtu gani?"

"Siwezi kumtaja."

"Bwana wee, mwenye kohozi hili asipoanza sindano, atakuwa kama huyo jirani yako wa jana. Na nyumba nzima nyuma yake. Ni la nani?"

Nikaitazama dari. Nikimtaja, nimemvua mama mkwe wangu buibui mbele ya Mzungu. Nitasema nilichungulia mate yake? Niliyachota na kijiti? Na kitanda changu kinakwenda, na hadithi nzima, wallahi, hadithi bora niliyowahi kupata maishani, haisimuliki popote. Nikinyamaza, ukuta ule utanyamaza.

"Anakaa kwangu," nikasema. "Chumba cha uani."

Muuguzi akaniangalia, akaangalia jinsi nilivyoinamisha kichwa, hata kitandani. Mzungu hakuelewa, lakini yule alikuwa mtu wa kwetu. Akateremsha ile sauti yake.

"Ni mkweo?"

Nikajifunika shuka uso wote. Ndilo jibu nililompa.

Gari lililonirudisha mimi ndilo lililomchukua yeye. Likaja na dresa na bwana afya wa kutupima sote. Mama mkwe alikataa kutoka: "Nani aliyewaambia naumwa? Mimi natafuna tambuu yangu." Akafunga mlango kwa komeo. Dresa akabembeleza, mke wangu akalia, shemeji akaanza kusifu springi. Hakufungua. Ikabidi mimi nisimame karibu na ukuta.

"Mama."

Kikohozi tu.

"Mama, ni mimi niliyekosa. Kopo lako nililigusa mimi. Unisamehe, na upande gari."

Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko meli zangu zote. Halafu komeo likasogea. Akatoka amejifunika gubigubi, akapita mbele yangu, nimeinama, naona vidole vya miguu yake tu. Vikasimama.

"Mwizi," akasema kwa upole. Vikaenda.

Alikaa huko hata nikasahau kikohozi chake. Ramadhani ikaja ikapita. Na mimi wivu, jamani, haukuisha! Mke wangu akirudi kumtazama anahesabu: maziwa, mayai mawili, shuka. Na kodi ya kichwa wanawake walikuwa hawalipi, hata mikokoni hakuhitaji kukimbilia. Kila nikilipa yangu nilikuwa najua inakwenda wapi: inakwenda kufanywa yai, linaliwa na mama mkwe.

Alirudi ule mwaka wa bendera mpya, watu wamepaka nyumba chokaa, na ikisemwa sasa hospitali zote tatu mlango utakuwa mmoja. Alirudi mnene, nasikia, maana mimi niliona vidole vya miguu tu, lakini hata vyenyewe vilikuwa vimenenepa. Tambuu aliacha.

Mimi barazani nilikuwa nimerudishiwa pembe ndogo. Watu walijua mimi si mgonjwa; kwa nini gari lilinichukua, hawakujua, na midomo yangu ilikuwa imeshonwa na ukwe. Nilizunguka na hadithi ile tumboni kama mja mzito wa miaka.

Basi jioni moja, shemeji yuko katikati ya donda lake kwa mara ya elfu, tukasikia kicheko cha wanawake kutoka uani. Kicheko cha kuvunja mitungi. Shemeji akanyamaza. Wazee wakageuza shingo. Muuza kahawa akaacha kumimina. Na sauti ya mama mkwe ikavuka ukuta, pole pole, tamu, haina kikohozi.

"...namuona mkwe wangu anakuja kwa vidole vya miguu, mimi niko kwenye sala, sisemi kitu. Ana ndoo, wenzangu!"

"Ndoo!" wanawake wakapiga kelele.

"Ndoo ya maji! Ananiibia mate kwa ndoo!"

Baraza zima likanigeukia. Uso wangu uliwaka, na si kwa aibu peke yake. Hadithi yangu! Imetoka bila mimi, na anaisimulia vizuri kuliko mimi, na watu wamenyamaza kwa ajili yake ule ukimya wenyewe, ule ule.

"Mwanangu!" ukuta ukaniita. "Uko hapo barazani?"

"Naam, mama."

"Nimekosea mahali?"

Wazee wote wamenikodolea macho, vikombe hewani. Lilikuwa kopo, na tena nilichota kwa njiti ya kiberiti. Mimi, bingwa wa kuongeza, ningeweza kumsahihisha.

"Hujakosea, mama," nikasema. "Ila ndoo zilikuwa mbili."